Maswali ya wasomaji: Anasoma bila kukwama, lakini haelewi alichosoma

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu ufahamu katika shule ya msingi. Tumechagua saba. Majibu yametayarishwa na walimu wanaofundisha somo hilo.

Mwanangu yuko darasa la tatu. Anasoma kwa sauti bila kukwama, hata vitabu vya kaka yake. Ukimuuliza amesoma nini, ananyamaza. Shuleni wanasema ni uvivu. Ni kweli? (Mzazi)

Hapana, mzazi, na tunaomba neno hilo lisitumike mbele ya mtoto. Kiswahili huandikwa jinsi kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto aliyezishika silabi anaweza kutamka neno lolote, hata asilolijua. Ulimi unakwenda mbele, akili inabaki nyuma, na msikilizaji hagundui. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuelewa lugha yenyewe inaposemwa. Hesabu yao ni ya kuzidisha, si ya kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa kiasi gani.

Kabla ya kutafuta dawa, jua kwanza tatizo liko upande gani. Chukua vifungu viwili vya ugumu unaolingana, kila kimoja maneno 100 hivi. Cha kwanza asome mwenyewe kwa sauti, nawe uhesabu maneno anayoyakosea bila kumkatiza. Cha pili msomee wewe. Baada ya kila kimoja mwambie asimulie alichokumbuka, kisha umuulize maswali manne au matano.

Akielewa ulichomsomea wewe lakini asielewe alichosoma mwenyewe, na amekosea zaidi ya maneno 10 kati ya 100, nguvu zake zote zinaishia kwenye kutamka. Apewe vitabu vyepesi zaidi na asome kila siku. Asipoelewa hata ulichomsomea, shida ni lugha au mambo yenyewe yanayozungumzwa, na kumwongezea kasi ya kusoma hakutamsaidia. Kwa mtoto huyu, mazungumzo na kusomewa ndiyo tiba. Kuna na wa tatu, ambaye huenda ndiye wako: anasoma bila makosa, anaelewa akisomewa, lakini akishika kitabu mwenyewe hakuna kinachoingia. Huyu ameamini kwamba kusoma ni kutamka. Hakuna aliyemwonyesha kazi nyingine inayofanyika kichwani wakati macho yanapita kwenye mstari. Majibu yanayofuata yanamhusu yeye hasa.

Somo langu la ufahamu huenda hivi: naeleza maneno magumu, wanasoma habari, wanajibu maswali kumi, tunasahihisha. Alama hazipandi. Nakosea wapi? (Mwalimu wa darasa la nne)

Mwalimu, ulichoeleza ni kupima ufahamu, na kupima si kufundisha. Hauko peke yako. Katika utafiti uliochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, Dolores Durkin alikaa katika madarasa ya shule za msingi Marekani akiandika dakika kwa dakika kile walimu walichofanya. Muda uliotumika kuwaonyesha watoto jinsi ya kuelewa ulikuwa chini ya asilimia 1. Muda mwingi zaidi ulikwenda kwenye kuuliza, kugawa mazoezi na kusahihisha.

Kinachokosekana ni hatua ya kuonyesha, na njia nzuri ya kuonyesha ni kufikiri kwa sauti. Watoto hawaoni kinachotendeka kichwani mwa msomaji mzoefu, basi kitoe nje wakisikie. Usiku wa kuamkia somo, isome habari mara mbili tatu na utie alama ya penseli mahali ambapo wewe mwenyewe ulilazimika kuunganisha mambo. Kwa kifungu cha maneno 150, vituo vitatu au vinne vinatosha. Tuseme kifungu kina maneno haya:

*Asha alikiona kikapu kando ya njia. Akakifunika kwa majani, akakimbia kumwita kaka yake. Waliporudi, majani yalikuwa yametapakaa na kikapu kilikuwa chepesi.*

Soma mpaka mwisho, simama, useme kama unajisemea: “Hapa panataka nisimame. Kikapu ‘kilikuwa chepesi’. Mwanzoni kilikuwa kizito? Mwandishi hakusema. Lakini Asha alikifunika, na mtu hahangaiki kufunika kikapu kitupu. Halafu majani yametapakaa, kwa hiyo kuna aliyeyaondoa. Nadhani kilichokuwamo kimechukuliwa. Nisome mbele nione kama nimepatia.”

Tazama kwamba kila wazo limeshikilia neno fulani la kifungu. Hapo ndipo wengi hupotoka. Mwalimu husema, “Nadhani fisi alipita,” bila kuonyesha wazo hilo limetoka wapi, na watoto hujifunza kwamba kufasiri habari ni kubahatisha. Kosa la pili ni kugeuza kituo kuwa swali: “Haya, mnadhani kimetokea nini?” Watatu wale wale wananyoosha mikono na wengine wanajipumzisha. Siku ya kuonyesha, sema “mimi”, usiwaulize kitu. La tatu ni kusimama kila sentensi mpaka hadithi inakatika.

Siku mbili za kwanza fanya peke yako, dakika 10 kila siku. Siku mbili tatu zinazofuata simamisha kusoma ukianzisha wazo nao walimalizie. Halafu wawili wawili kwa kunong'onezana, na mwishoni kila mmoja akiwa na penseli yake, akitia alama pale alipounganisha jambo. Mwalimu anayeruka kutoka “mimi” hadi “kila mtu peke yake” siku moja ndiye hulalamika kwamba njia hii haifanyi kazi. Maswali kumi yako yabaki, ila yawe matano na yaje baada ya hayo yote.

Darasani kwangu wanapata maswali ya ufahamu yote, lakini mtihani wa kutoka nje wanaanguka. Inawezekanaje? (Mwalimu wa darasa la tano)

Jaribu kujibu maswali haya mwenyewe. Sentensi: *Vidungwa viwili viliupalaza mtufe kando ya gale.* Mtufe ulipalazwa na nini? Ulipalazwa wapi? Vidungwa vilikuwa vingapi? Umepata alama tatu kwa tatu, na sentensi haina maana yoyote. Maneno yake tumeyabuni. Upatanisho wa kisarufi umekubeba. Watoto wako hufanya hivyo hivyo: wanachukua neno la swali, wanalisaka kwenye habari, wananakili sentensi lilimo. Ni ujanja unaolipa, na maswali yetu ndiyo yaliyowafundisha.

Mtafiti Taffy Raphael, katika miaka ya 1980, aliyagawa maswali kwa kuangalia jibu linatoka wapi. Kuna jibu lililo pale pale, ndani ya sentensi moja. Kuna la kukusanya, ambalo vipande vyake vimetawanyika katika aya mbili tatu. Kuna linalotoka kwa mwandishi na msomaji pamoja: habari inatoa dalili, wewe unatia unachokijua. Na kuna lile ambalo mtoto angelijibu hata bila kusoma. Wafundishe watoto wenyewe kuyatambua. Wape maswali manne, na kabla ya kujibu waseme kila moja ni la aina gani. Mabishano yanayozuka hapo ni somo tosha.

Kwa habari moja tunapendekeza swali moja tu la pale pale, mawili ya kukusanya na mawili ya dalili. La kichwani peke yake liache kwa mazungumzo. Kila jibu lifuatwe na “Umejuaje?”, liwe sahihi au lisiwe. Ukiuliza hivyo kwa waliokosea tu, watoto watalisikia kama kengele ya kosa na kubadilisha jibu hata lililokuwa zuri.

Na ukishauliza, ngoja. Mary Budd Rowe alipima ukimya wa walimu baada ya swali akakuta wastani ni kama sekunde 1. Ulipofikishwa sekunde 3, majibu yakarefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Swali la dalili haliwezi kujibiwa kwa sekunde moja hata na mtu mzima.

Watoto wangu hupotea katikati ya aya. Wanaanza vizuri, kisha hawajui tena nani alifanya nini. (Mwalimu wa darasa la tatu)

Swali hili tunalipenda, maana linagusa mahali ambapo vitabu vingi vya mbinu, vilivyoandikwa kwa lugha nyingine, havituambii lolote. Katika Kiswahili mhusika akishatajwa hujificha ndani ya kitenzi. *Alikiweka mezani akakisahau*: mtendaji na kitu chenyewe vimebaki kiambishi kimoja kimoja. Msomaji mzoefu huvifuata bila kujua. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi huvipita.

Andika aya ubaoni, mistari minane hivi. Chagua viambishi vinne au vitano, usichague vyote. Watoto wavizungushie duara na kuchora mshale kurudi kwenye nomino inayotajwa. Anza na aya ambayo nomino zake ni za ngeli tofauti: *ki* inarudi kwenye kitabu, *u* kwenye mti, hakuna ubishi. Wiki inayofuata weka nomino mbili za ngeli moja zishindane. *Aliivuta ndoo kwa kamba kuukuu. Ghafla ikakatika.* Ndoo au kamba? Sarufi inaruhusu zote mbili. Kinachoamua ni kujua kwamba ndoo haikatiki. Hapo mtoto anaona kwamba ngeli inampunguzia uwezekano, kisha maana inamalizia.

Zoezi gumu zaidi, na lenye faida kubwa kuliko yote, ni la jozi hii:

*Asha alimpa Rehema kalamu kwa sababu alikuwa nazo mbili.*
*Asha alimpa Rehema kalamu kwa sababu alikuwa amesahau yake nyumbani.*

Nani alikuwa nazo mbili? Nani alisahau? Kiambishi *a* ni kile kile na mwanzo wa sentensi ni ule ule, lakini kimehama kutoka kwa Asha kwenda kwa Rehema. Tunga jozi kama hizo tano. Watoto wakishazizoea, waambie watunge zao. Anayeweza kutunga amekwisha kuelewa.

Angalia jambo moja: usiligeuze zoezi hili kuwa somo la ngeli. Ukianza kuuliza “hii ni ngeli gani?” watoto watakumbuka majedwali na kusahau ndoo. Uliza “ni nini kilichokatika?” tu.

Pamoja na viambishi, wafundishe kushtuka wakiona *lakini*, *ingawa*, *kwa hiyo*, *ilhali*, *badala ya*. Soma mpaka kwenye neno hilo, funika kilichobaki, wakisie sentensi itakwenda upande gani. Atakayeendelea na wazo lile lile baada ya *ingawa* umemgundua.

Nikiuliza “mmeelewa?” wote wanaitikia “ndiyo, mwalimu!” Nifanyeje? (Mwalimu wa darasa la nne)

Usiulize tena swali hilo. Si kwamba wanadanganya. Wengi kweli wanadhani wameelewa. Mwaka 1979 Ellen Markman aliwasomea watoto wa shule ya msingi habari zenye mambo yanayopingana waziwazi, na wengi, hata wa madarasa ya juu, hawakuona tatizo. Kugundua kwamba hujaelewa ni ujuzi unaofundishwa.

Wape habari yenye kasoro uliyoipanda makusudi na uwaambie imo. *Bundi huyu huwinda usiku tu, macho yake yakiona vizuri gizani. Mchana hulala ndani ya pango la mti. Kila adhuhuri, jua likiwa kali, hupaa juu ya shamba akikamata panya.* Wasome kimya na kupiga mstari chini ya mahali panapogongana. Mwanzoni sentensi zinazopingana ziwe jirani; baadaye zitenganishe kwa aya nzima. Wiki ya tatu usiseme kama kasoro imo au haimo.

Kisha waambie la kufanya wakipotea: rudi mwanzo wa sentensi usome polepole, ikishindikana, rudi sentensi moja nyuma, ikishindikana, soma moja mbele, ikishindikana bado, andika neno au sentensi hiyo kwenye karatasi uulize. Bandika ukutani. Anayeleta karatasi asifiwe mbele ya wenzake, kwa sababu aibu ndiyo inayozaa ile “ndiyo, mwalimu”.

Nina wanafunzi 64 na nakala 20 za kitabu. Mbinu za vikundi zinawezekana? (Mwalimu wa darasa la sita)

Zinawezekana. Vikundi 16 vya watu wanne, na kila kikundi nakala moja. Nne zinabaki za akiba. Njia inayowafaa ni ile ya Annemarie Palincsar na Ann Brown ya mwaka 1984, ambamo watoto huongozana kwa zamu katika kazi nne: kubashiri kitakachofuata, kuuliza swali, kufafanua palipo na giza, na kutoa muhtasari. Kila aya ikiisha, kikundi kinazungumza dakika tatu, kisha kazi zinazunguka kwenda kulia.

Usizianzishe zote kwa pamoja. Fundisha moja moja kwa darasa zima, siku tatu nne kila moja, kwa kufikiri kwa sauti kama tulivyoeleza. Vikundi visivyofundishwa kwanza huishia kusubiri kengele. Kila kipindi tembelea vikundi vinne tu na ukae dakika nne kwenye kila kimoja. Baada ya vipindi vinne umewasikia wote 64. Ukizunguka vyote 16 kwa siku moja hutasikia kitu.

Muhtasari ndio huharibika zaidi: mtoto husimulia aya nzima upya. Mwekee kikomo cha maneno 15 na masharti mawili, ataje ni nani au nini kinachozungumzwa, na jambo kubwa lililosemwa juu yake. Ubashiri nao huwa ibada, “nabashiri ataendelea na safari.” Mtake aonyeshe kidole chake kiko kwenye neno gani. Na wa kufafanua akisema hakuna kigumu, aulizwe neno lipi lingemsumbua mtoto wa darasa la nne. Atalitaja, na mara nyingi ni lile lililomsumbua yeye.

Usiweke wanyonge wote kikundi kimoja. Asiyesoma vizuri akae karibu na msomaji wa sauti na apewe kazi ya kuuliza, ambayo haimtaki asome mbele za watu.

Tunataka kupanga mwaka mzima: mwezi mmoja kubashiri, mwezi mmoja muhtasari, mwezi mmoja wazo kuu, na kadhalika. Mnaonaje? (Mwalimu mkuu)

Tunashauri msifanye hivyo, Mwalimu Mkuu. Mbinu ni chache na hushikika mapema. Wiki mbili tatu kwa kila moja zinatosha, kisha ziunganishwe na kutumika pale habari inapozitaka. Mtoto aliyefanya “wazo kuu” mwezi mzima anasoma akitafuta wazo kuu hata kwenye shairi au maelekezo ya kupanda mbegu.

Kinachobaki kukua mwaka mzima ni maarifa na msamiati. Donna Recht na Lauren Leslie, mwaka 1988, waliwapa vijana habari kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Hakuna mbinu inayoziba pengo la kutojua kinachozungumzwa.

Kwa hiyo pangeni kwa mada. Chagueni, kwa mfano, maji: jinsi mvua inavyotokea, mto unavyochimba bonde, kwa nini bahari ina chumvi, safari ya tone moja, hadithi ya kisima kilichokauka. Habari tano ndani ya wiki tatu. *Mvuke* na *tabaka* yatajirudia, na neno linalokutwa mara nyingi katika habari tofauti hukaa kuliko lile lililofafanuliwa ubaoni mara moja. Kabla ya kusoma elezeni maneno matatu au manne ambayo bila hayo habari haieleweki. Mengine yafikiwe njiani. Orodha ya maneno 15 mwanzoni inakula nusu ya kipindi na hakuna anayeikumbuka akifika aya ya pili.

Kila aina ya habari ina ramani yake. Hadithi: mhusika, anachotaka, kinachomzuia, anachofanya, mwisho wake. Habari ya sayansi: mfuatano, sababu na matokeo, au ulinganisho. Mchoro mmoja wa mishale kwa sababu na matokeo, jedwali la safu mbili kwa ulinganisho. Watoto wauchore wao wakiwa na kitabu wazi, kisha wafunge kitabu na kusimulia kwa kuutazama mchoro peke yake. Akikwama mahali, mshale wa hapo haukuwa na maana kwake. Arudi kwenye aya hiyo.

Kwa darasa la kwanza na la pili, ambao bado wanahangaika na silabi, msisubiri. Wasomewe kila siku dakika 15 vitabu vigumu kuliko wanavyoweza kusoma wenyewe, na mbinu hizi zote zifanyike kwa masikio: wabashiri, wasimulie, wapinge habari ya bundi. Kipindi cha silabi kibaki cha silabi. Ukimkatiza mtoto anayetamka *ng'ombe* kwa mara ya kwanza umuulize ng'ombe huyo anajisikiaje, utamkosesha vyote viwili.